Marhoon wa Zambarau na Honi za Mwaka Tisini na Nne

Marhoon bin Aflah bin Humam bin Hatem, mzaliwa wa Vuga, Unguja, mkaazi wa Azaiba, Maskati. Muasisi wa timu ya mpira ya Zambarau na golikipa wake wa mwanzo. Ndiye aliyefungwa mabao tisa siku ya kwanza, na la kumi refa akalikataa kwa huruma. Ndiye aliyevunjika mguu mara mbili: mara ya kwanza uwanjani, mara ya pili harusini, akiwaonesha watu namna alivyovunjika ile mara ya kwanza. Ndiye karani wa stoo wa uwanja wa ndege kule Sib kwa miaka thelathini, na skrubu moja haikupotea mkononi mwake. Ndiye aliyelileta Azaiba kombe pekee tulilonalo.

Sifa hizi kazipanga mwenyewe, nami nimeziandika kama alivyonisomea, isipokuwa hiyo huruma ya refa na huo mguu wa harusini, ambavyo yeye huviruka. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mie Bakhita nimemtangulia kwa miaka minne, kwa hiyo nna haki ya kusema.

Zambarau si timu ya ligi. Haimo katika ligi wala haijawahi kuwamo. Ni timu ya mtaa, moja katika zile zilizoandikishwa chini ya klabu kubwa, inacheza Ijumaa baada ya Alasiri kwenye mchanga upande wa baharini, na mkimuuliza Marhoon atakwambieni kwamba ni timu kongwe kuliko zote za Azaiba. Msimuulize. Aliwahi kuulizwa na fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi, yule fundi akaondoka Magharibi na kiyoyozi bado kiko chini.

Historia anayoitoa inaanza hivi: "Mwaka sabini na tano, nikaona vijana hawana la kufanya. Mpira ukapatikana." Hapo ndipo mie huondoka nikenda jikoni. Ukapatikana! Kama kwamba ulianguka kutoka mbinguni.

Mpira haukupatikana. Mpira uliletwa na Yaqdhan bin Muatasim kutoka Tabora. Aliutoa upepo kule, akaukunja katika sanduku baina ya kanzu zake, akafika nao Maskati akaujaza upepo tena. Siye tulikuja kutoka Unguja mwaka sabini na mbili, yeye na mama yake wakaja baada yetu kutoka bara. Wenyeji waliobakia hapa miaka yote walituona sote kitu kimoja, Wazinjibari, na wakituiga tunavyosema. Lakini wenyewe kwa wenyewe tulikuwa na mengi. Wa Unguja tukiwasikiliza wa bara namna wanavyotamka, tukatazamana. Wali wao tukauonja kwa ncha ya kijiko. Sisemi kwamba nilikuwa bora kuliko wengine. Nilikuwa nao katika kutazamana.

Vijana hawakujali. Yaqdhan alikuwa na mpira, Marhoon alikuwa na mdomo, timu ikawa. Fanila nyeupe walizinunua Hamriya, dazeni moja, zote za kipimo kimoja, aliyekuwa mnene akapasua na mwembamba akapotea ndani. Wakaniletea nizitie rangi. Mie nilikuja kutoka Unguja na pakiti sita za rangi ya ukili, nikidhani nitasuka mikeka, nikakuta hapa watu wanakalia mazulia. Basi nikaichemsha ile rangi ya zambarau katika sufuria kubwa ya mama. Siku ya mechi, joto likapanda, jasho likatoka, na rangi ikatoka nalo. Mikono zambarau, shingo zambarau, mpira wenyewe ukawa zambarau. Wale wa ng'ambo ya barabara, waliokuwa wakicheza nao, walicheka mpaka wakakaa chini. "Hawa wameoga wino!" Jina likatoka hapo. Siku ya kuandikishwa karani akauliza neno hili maana yake nini kwa Kiarabu, Marhoon akamwambia liandike vivyo hivyo, halina tarjuma.

Mabao tisa kwa bila. Hakuna aliyetaka kurudi kwao na ile aibu mwilini, wakawa wanazungukazunguka mitaani kama watu walioharibikiwa na gari. Mama yake Yaqdhan, Bi Masouda, alikuwa amekaa barazani kwake. Akawaita.

"Nyie! Mmefungwa ngapi?"

Wote wakatazama chini. Marhoon ndiye aliyejibu. "Tisa, mama."

"Tisa! Mikono ya kipa ilikuwa imefungwa kamba?"

"Ilikuwa na rangi, mama."

"Haya njooni mle. Msiniguse ukuta."

Akawapa maandazi na asali ya Tabora, aliyokuwa akiletewa na kila mgeni kutoka kwao. Tangu siku hiyo ikawa ada: mechi ikisha, wanapita kwanza kwa Bi Masouda. Anauliza "Mmefungwa ngapi?", hata kama wameshinda, na Marhoon ndiye wa kujibu, kisha wanakula. Miaka kumi na tisa. Waliooa walikwenda kwa Bi Masouda kabla ya kwenda kwa wake zao, na wake zao walikuwa na maneno. Waliponunua pikapu, zile pikapu zilijua njia.

Sasa mwaka tisini na nne. Zambarau wamefika fainali, jambo ambalo halijawahi kutokea, na fainali ni Ijumaa. Jumatano alfajiri Bi Masouda akafariki. Jeneza lilibebwa na timu nzima, na Marhoon alikuwa mbele upande wa kulia. Ijumaa ndiyo siku ya tatu, siku ya khitma. Wapo waliosema mechi iahirishwe. Yaqdhan, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni, akakataa. Aliniita uani asubuhi, macho mekundu.

"Da Bakhita, mwambie Marhoon wakacheze. Mama mwenyewe angewafukuza na ufagio wakacheze. Mimi siwezi kwenda. Ila namwomba kitu kimoja: wakishinda, honi wasipige mtaani kwetu. Khitma itakuwa haijesha."

Nikenda. Nilimkuta Marhoon, wakati huo ni kocha, amekaa juu ya ndoo anafunga bandeji goti lake. Nikamwambia maneno yale yale, hata la ufagio. Akasema, "Nimesikia, dada." Nikarudi kukaa mkekani na wanawake wenzangu.

Tukiwa katika juzuu za mwisho, tukazisikia. Mwanzo mbali, kule barabara kubwa. Kisha karibu. Pikapu saba, honi zote, na tarumbeta mbili zilizokodiwa. Hazikupita, laiti zingepita. Zilikuja mpaka mlangoni zikasimama pale pale, zikaendelea kupiga. Mwanamke mmoja akafunga msahafu wake. Nilichungulia dirishani, namwona ndugu yangu kasimama juu ya pikapu ya mbele kaliinua kombe kwa mikono miwili, meno yote nje. Yaqdhan akatoka. Akamtazama. Akaingia ndani akafunga mlango, na honi zikazimika moja moja.

Siku ya pili mke wa Yaqdhan alileta fanila ya mumewe nyumbani kwetu, imefuliwa na kupigwa pasi. Ikawa ndiyo mwisho.

Miaka thelathini na moja watu wawili wanakaa mitaa miwili mbali, msikiti mmoja, duka moja la mkate, hawasemezani. Mwaliko wa harusi ukija, kila mmoja anauliza, "Na yule atakuwepo?" Mie nilimwambia Marhoon nenda kaombe radhi. Nilimwambia wiki ile, nikamwambia mwaka ule, nikamwambia alipotoka Hija, maana mtu akitoka Hija huwa laini. Jawabu lake lilikuwa moja.

"Sikuambiwa."

Ananiambia mie! Usoni!

"Marhoon, nilikuja nikakuambia. Umekaa juu ya ndoo."

"Labda ulikusudia kuniambia, dada. Siku ile ulikuwa na huzuni. Ulisahau."

Mie ndiye ninayeulizwa na ukoo mzima nani alizaliwa lini na nani alinyonya na nani. Nnakumbuka harusi ya mwaka sitini na nane kulipikwa nini, na nani alikula mara mbili. Lakini mtaa mzima wa Azaiba wamekaa miaka thelathini na moja wakijua kwamba Zambarau ilivunjika moyo kwa sababu Bi Bakhita alisahau ujumbe. Watu wema walikuwa wakinipigapiga begani. "Ah, si kosa lako, Bi Bakhita, msiba ule." Nikirudi nyumbani nalia kwa hasira.

Mwaka huu ndipo ilipokuja karatasi. Raghad, mjukuu wake Marhoon, ndiye katibu wa timu. Msichana anayefanya kazi serikalini, mwepesi wa vidole, si mwingi wa maneno. Akaja sebuleni Jumapili na simu yake mkononi.

"Babu, klabu inataka kila timu ipeleke karatasi ya uasisi. Mwaka, mahala, na saini za waasisi wawili."

"Mmoja yupo hapa. Nipe kalamu."

"Wawili, babu. Walio hai."

Marhoon akavua kofia akaitazama ndani.

"Andika muasisi ni mmoja."

"Haikubaliki."

"Basi bibi yako Bakhita. Yeye alitia rangi."

"Mie?" nikasema. "Mie si msahaulifu? Nitakumbuka nini?"

Raghad hakucheka. "Mwisho Alkhamisi, babu. Timu isiyokuwa na karatasi inaunganishwa na timu ya jirani."

"Jirani gani?"

"Wa ng'ambo ya barabara."

Nilimwona rangi ikimtoka. Wale wale wa kuoga wino! Vijana wetu wavae kijani, wacheze chini ya jina lao, na zambarau iishe. Hakulala mchana siku ile. Jumatatu alisema klabu wanatania. Jumatatu hiyo hiyo jioni akampigia mtu klabu, yule mtu akamwambia hatutanii. Jumanne aliuliza kama saini inaweza kupatikana kwa posta. Kwa posta, mitaa miwili! Nikamwambia, "Marhoon, timu ina miaka hamsini na wewe una sabini na nne. Ukitaka kufa na kiburi chako kufa nacho, lakini usiizike timu pamoja nawe." Akaniambia nisiseme habari za kufa wakati yeye anakunywa chai.

Jumatano baada ya Alasiri akatoka chumbani na kanzu mpya na furushi kwapani. Ndani ya furushi ni kombe, na kilicholifunga ni kanga yangu ya stara ninayoivaa kwendea msibani, hakuniuliza. Raghad akaendesha. Mie nikakaa nyuma.

"Babu, tumeupita mlango."

"Tafuta kivuli."

Tukazunguka.

"Babu, tumeupita tena. Na kivuli kiko mbele ya mlango."

"Kivuli gani kile? Kile ni kivuli cha nguzo."

Mara ya tatu Raghad akazima gari katikati ya njia akatoa ufunguo. Nilimpenda sana mtoto yule saa ile.

Yaqdhan alikuwa sebuleni anatazama mpira kwenye televisheni, sauti juu, maana masikio nayo yamechoka. Akanikaribisha mie, akamkaribisha Raghad, kisha macho yakarudi kwenye mpira. Marhoon akabaki kizingitini amelikumbatia furushi kama mtoto mchanga.

"Nani anaongoza?" akauliza.

Miaka thelathini na moja, na neno lake la mwanzo ndilo hilo. Nilitaka ardhi inimeze.

"Bado bila bila," akajibu Yaqdhan bila ya kugeuka.

"Kipa wao mbovu."

"Wewe ndiye wa kumwita mtu kipa mbovu?"

Raghad akaona pana pa kupitia. Akatoa karatasi, akaeleza habari ya klabu na Alkhamisi na wa ng'ambo. Yaqdhan akavaa miwani akasoma yote, taratibu, mpaka chini.

"Hapa pameandikwa muasisi wa kwanza Marhoon. Wa pili, patupu. Hata jina langu mmeshindwa kuliandika?"

"Babu aliniambia nisiandike mpaka ukubali."

"Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Mimi kosa na wewe sina. Lakini timu iliyosimama mlangoni kwangu ikapiga honi kwenye khitma ya mama yangu, mimi niitilie saini yangu? Uliniona wapi mtu wa namna hiyo?"

Nikamgeukia Marhoon. Nilimwona anafungua mdomo, nikajua neno linalokuja, lile lile, na safari hii lingekuja mbele ya Yaqdhan mwenyewe aliyenituma. Nilikuwa nimechoka. Nikajivuta mpaka mlangoni, nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa miguu.

Marhoon akageuka nyuma, akatazama pale nje ya mlango palipokuwa na baraza ya Bi Masouda. Sasa pana vigae na rafu ya viatu.

"Niliambiwa," akasema.

Viatu vikanitoka.

"Da Bakhita alinijia akaniambia neno kwa neno, hata la ufagio. Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, Yaqdhan. Mechi ikesha, wakanipa kombe mkononi. Miaka kumi na tisa tunafungwa. Jambo la mwanzo lililonijia kichwani: leo Bi Masouda akituuliza tumefungwa ngapi, nitamwambia bila. Nikamwambia dereva twende, piga honi, asikie tunakuja. Nikafika hapa, nikaliinua alione. Ukatoka wewe. Ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa."

Yaqdhan akazima televisheni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Jeneza nimelibeba mie mwenyewe juzi yake, begani hapa, halafu nisahau? Mtu mzima! Wangesema nimeingiwa na wazimu. Nikaona bora waseme dada kasahau ujumbe."

"Bora!" nikasema. "Bora kwa nani?"

"Nisamehe, dada."

"Nitafikiri."

Yaqdhan alikuwa amevua miwani anaifuta na kanzu yake, anaifuta, anaifuta. "Miaka yote hii," akasema, "mimi nadhani mlisema, ah, hawa wa bara, msiba wao si msiba."

"Nani kasema hivyo?" Marhoon akawa mkali.

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nikadhani."

Hapo hata mie nikazikumbuka zile ncha za vijiko. Marhoon akaja akakaa chini karibu naye, goti likalia, akafungua furushi. Yaqdhan akalichukua kombe akaligeuza juu chini. Alikuwa hajapata kuliona kwa karibu.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Mbona dogo?"

"Lilikuwa kubwa wakati ule."

Yaqdhan akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha puani, mkewe Balqis akaja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini. Yaqdhan akatia saini. Nilidhani yamekwisha, twende nyumbani. Wapi! Akaona pale palipoandikwa mwaka.

"Sabini na tano? Ilikuwa sabini na sita."

"Sabini na tano."

"Mimi nimefika na mpira sabini na sita, bwana."

"Kwa hiyo sabini na tano tulicheza na nini, na kabichi?"

Wazee wawili, nusu saa, karatasi inataka kupasuka baina yao. Nikawaambia ni sabini na tano, mwezi wa kumi na moja mwishoni, kwa sababu Idi ya kuchinja ilifuatia na mie nilikwenda kusalimia watu na vidole vya zambarau. Hakuna aliyesema nimesahau.

"Na mpira," Marhoon akamwambia Raghad, "andika uliletwa na Yaqdhan bin Muatasim kutoka Tabora. Usiandike ulipatikana."

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, kombe tumeliacha ndani juu ya televisheni na kanga yangu nayo imebaki huko huko, Marhoon akamshika Raghad mkono.

"Wewe ndiye unayeandika matokeo. Kuanzia Ijumaa hii usiyatie kwenye simu kwanza. Mechi ikisha njoo hapa, kwa miguu, usimame palipo na hii rafu ya viatu, useme kwa sauti tumefungwa ngapi. Anza na mabao tuliyofungwa. Tukishinda uje, tukipigwa tisa uje vile vile. Gari zibaki kule madukani, na honi mtu asiiguse. Siku ukiwa huwezi, mpe mwengine kazi hii mkono kwa mkono, usiiache chini."

"Nimesikia, babu."

"Usiniambie umesikia," akasema Marhoon. "Njoo."